Gari yako imezeeka? Acha kuimwagia maji ya kisima: kuchagua na kutunza kulanti kwa sisi wa Mtwara na Lindi

Naanza na maji tunayotia kwenye rejeta kabla ya kulanti yenyewe, yaani kile kimiminika cha rangi cha kupozea injini, kwa sababu huku kwetu ugonjwa unaanzia hapo. Ukitoka Mtwara mjini ukapita Mikindani, ukaenda Lindi mpaka Kilwa huko, visima vingi vya pwani vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe na chokaa, vingine viko karibu na bahari kiasi kwamba ukinywa tu ulimi unajua kuna chumvi. Angalia birika la chai nyumbani kwako, ule ukoko mweupe unaoganda chini, ndio huo huo unaoganda ndani ya injini, tofauti ni kwamba birika utalikwangua lakini njia za maji ndani ya silinda hedi huzioni wala huzifikii kwa mkono. Ukoko ukishakaa pale joto la chuma haliendi kwenye maji, linabaki kwenye chuma, ndio unakuta mtu kabadilisha rejeta, kabadilisha feni, kabadilisha wota pampu na bado gari ikipanda kilima mshale unapanda nayo.

Chumvi nayo ina kazi yake nyingine, inakula alumini. Na hizi gari zetu za mkononi, IST, Vitz, Passo, Noah, Carina za zamani, karibu zote silinda hedi ni alumini, rejeta nyingi ni alumini na plastiki. Kwa hiyo ndoo moja ya maji ya kisima leo haikuonyeshi kitu, gari inaenda vizuri tu, ila ukifanya hivyo mwaka mzima ukaja kufungua hedi unakuta kingo za matundu ya maji zimeliwa, gasketi haina tena pa kukaa vizuri.

Sasa kuna hoja huwa naisikia sana gereji, kwamba kulanti ni ya nchi za barafu, sisi huku joto mwaka mzima ya nini? Hoja hii ina ukweli nusu. Kweli hakuna gari itakayoganda Nachingwea. Lakini kuzuia kuganda ni kazi moja tu ya kulanti, zipo nyingine tatu zinazotuhusu sisi moja kwa moja. Ya kwanza ina dawa za kuzuia kutu na kuliwa kwa chuma, ambazo maji matupu hayana hata uwe umeyachemsha namna gani. Ya pili inapandisha kiwango cha kuchemka, maji matupu huku usawa wa bahari yanachemka nyuzi 100, mchanganyiko wa nusu kwa nusu unafika kama 108 bila presha yoyote, na ukifunga kepu ya rejeta nzima yenye presha yake unavuka 120. Ya tatu inalainisha sili ya wota pampu, ndio maana gari zinazotembelea maji matupu pampu zinavuja mapema.

Haya, tuje kwenye kuchagua. Jambo la kwanza naomba ulitoe kichwani: rangi sio aina. Rangi ni rangi tu, kiwanda kinaweka kinavyotaka. Pinki ya Toyota na pinki ya Volkswagen ukizimwaga kwenye glasi mbili unaweza usizitofautishe, lakini dawa zilizomo ndani ni tofauti kabisa. Kulanti nyingi za Kijapani zinatumia fosfeti na hazina silikati, za Ulaya nyingi zinakwepa fosfeti na zingine zinaweka silikati. Na kwanini Ulaya wanakwepa fosfeti? Kwa sababu maji yao sehemu nyingi ni magumu kama ya kwetu, na fosfeti ikikutana na chokaa iliyomo kwenye maji inatengeneza unga mweupe unaoziba njia. Sasa fikiria, sisi tunaendesha gari za Kijapani, tunaweka kulanti ya Kijapani, halafu tunaongezea maji ya kisima yenye chokaa. Tunaukaribisha huo unga wenyewe. Kwa hiyo mwenye Toyota au Honda au Suzuki asiache kulanti ya Kijapani, aache maji ya kisima.

Kwa Toyota, zile za miaka ya 90 mpaka mwanzoni mwa 2000 nyingi zilikuja na nyekundu, ile Long Life, ambayo inatakiwa kubadilishwa kila miaka 2 au kilomita 40,000 hivi. Za baadaye zikaja na pinki, Super Long Life, hii inauzwa ikiwa imeshachanganywa tayari na mara ya kwanza inakaa mpaka kilomita 160,000, baada ya hapo kila 80,000. Lakini sikia, hizo hesabu ni za gari iliyotoka kiwandani na haijachezewa. Gari yako wewe imepita kwa mtu Japan, ikapita kwa mtu Dar, ikaja kwako, na katikati hapo hakuna anayejua ilimwagiwa nini, hivyo usihesabu kilomita za kitabu, hesabu umeanza upya siku utakayosafisha na kuweka yako.

Nissan na Honda na Subaru za karibuni utakuta bluu au kijani, soma kitabu cha gari au maandishi yaliyoko kwenye kepu na kibuyu cha akiba. Ukishindwa kabisa kujua, nunua kulanti iliyoandikwa kwamba ni kwa gari za Asia au za Kijapani, yenye jina la kiwanda na tarehe, ni afadhali kuliko "ya gari zote" isiyo na hata jina la mtengenezaji. Mwenye Land Rover ya zamani au Hilux ya zamani yenye rejeta ya shaba iliyochomelewa kwa risasi, wewe kijani ya kizamani ndio yako, ile ya kubadilisha kila miaka 2, usihangaike na hizi za maisha marefu maana baadhi yake hazipatani na ile risasi.

Kuchanganya aina mbili? Mara nyingi gari haitakufa siku hiyo. Kinachotokea ni dawa kudhoofishana, kulanti ya kukaa miaka mitano inakaa miwili, na michanganyiko mingine inatoa tope la utelezi linaloziba vijia vyembamba vya rejeta. Ukipungukiwa njiani na hakuna ya aina yako, ongeza maji safi ya betri, ndio salama zaidi kuliko kulanti usiyoijua.

Na hapo kwenye maji ya betri pana jambo. Namaanisha yale maji yaliyosafishwa ya kuongezea betri, sio asidi. Madukani kwetu vyote viwili watu wanaviita maji ya betri, na chupa zinafanana, kwa hiyo soma chupa, muulize muuzaji mara mbili, asidi ukiitia kwenye rejeta umeimaliza. Kwa wenzetu wa juu, Newala na Tandahimba, ambako maji ya kuvuta ni shida na watu wanakinga mvua, maji ya mvua yaliyotoka kwenye bati safi yakaingia simtanki ya plastiki ni laini na kwa dharura yanafaa kuliko ya kisima mara mia. Ila yaliyokaa kwenye tangi la saruji hapana, saruji inaachia chokaa na yanakuwa magumu yale yale.

Sasa kulanti feki. Hii inaniuma kwa sababu mtu anajinyima, ananunua galoni, anaamini ameilinda gari yake kumbe kamwaga maji yaliyotiwa rangi. Zipo njia mbili za kupima nyumbani, na zote hazitaki kifaa cha fundi.

Njia ya kwanza ni mizani. Glaikoli, ambayo ndiyo msingi wa kulanti, ni nzito kuliko maji. Chukua chupa ya lita moja, weka alama kwa kalamu, jaza maji mpaka kwenye alama upime, mwaga, ikaushe, jaza kulanti mpaka alama ile ile upime tena. Kama kulanti ni ile iliyochanganywa nusu kwa nusu inatakiwa izidi maji kwa gramu kama 70 hivi, na ile nzito isiyochanganywa inazidi gramu 100. Ukiona tofauti ni gramu 5 au 10, hayo ni maji ya rangi, rudisha dukani.

Njia ya pili ni friza. Weka kidogo ya ile iliyochanganywa nusu kwa nusu kwenye kichupa, kifunge vizuri, kiache usiku kucha. Friza ya nyumbani inafika kama nyuzi 18 chini ya sifuri, kulanti ya nusu kwa nusu haigandi hapo, inabaki maji maji. Ikiwa imekuwa kama uji wa barafu ina glaikoli kidogo, asilimia 30 au chini. Ikiwa jiwe, umeuziwa maji. Kichupa hicho ukishakitumia kitupe, kisirudi jikoni, na usikiweke friza wanayochukulia watoto barafu. Vipimo hivi vinakuambia glaikoli ipo, havikuambii kama dawa za kutu zimo, kwa hiyo bado nunua kwa mtu unayemwamini na chupa yenye sili yake.

Naandika hapa kwa herufi kubwa, KULANTI NI SUMU. Ina utamu utamu, mbwa na paka wanailamba, mtoto anaweza kuinywa, na inaua figo. Usiipime kwa ulimi kama mafundi wengine wanavyofanya. Usiihifadhi kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Ukimwaga ya zamani weka beseni chini, uihifadhi kwenye galoni lililoandikwa SUMU uwapelekee gereji inayokusanya oili chafu, usiimwage uwani ambako kuku na mbuzi wanapita, wala karibu na kisima.

Tuingie kwenye kubadilisha. Gari iwe ya baridi, imelala usiku. Fungua kepu ya rejeta, angalia kilichomo. Ikiwa na rangi safi inayong'aa una bahati, ikiwa ya kahawia kama chai ya maziwa au ina vumbi la kutu basi ina kazi. Fungua koki ya chini ya rejeta, au kama koki imeshika kutu usiilazimishe ile ya plastiki itavunjika, vua mpira wa chini badala yake. Kibuyu cha akiba kivue ukioshe, watu wengi wanakisahau na ndimo tope linapokaa.

Kusafisha: funga, jaza maji safi, weka hita kwenye joto la mwisho ili maji yapite na kwenye rejeta ndogo ya ndani, washa mpaka mpira wa juu uwe moto, zima, acha ipoe kabisa, mwaga. Rudia mpaka yatoke safi. Hapa kwa kusuuza tu unaweza kutumia maji ya mvua, lakini mara ya mwisho iwe maji ya betri, kwa sababu yatakayobaki ndani ya bloku ndiyo yatakayochanganyika na kulanti yako. Zile dawa kali za kuosha rejeta kwenye gari kuukuu mimi siziungi mkono, gari iliyotembelea maji ya kisima miaka mingi kuna mahali kutu ndio inashikilia tundu lisivuje, ukiiosha kwa nguvu siku moja unaamka na matundu matatu. Isuuze kwa maji, weka kulanti, tembea miezi michache, suuza tena.

Hesabu ya kujaza ndio wengi wanaikosea, na sio kosa la mtu mjinga kwa sababu haionekani. Tuseme gari yako ndogo inachukua lita 5 kwa jumla. Ukimwaga rejeta zinatoka kama lita 3, lita 2 zinabaki ndani ya injini na ni maji matupu uliyosuuzia. Ukijaza lita 3 za kulanti iliyokwisha kuchanganywa umepata asilimia 30 tu, sio 50, na hapo dawa ya kutu inakuwa nyepesi. Kwa hiyo baada ya kusuuza tumia ile nzito isiyochanganywa: mimina lita 2 na nusu kwanza, ambayo ni nusu ya lita 5, halafu malizia na maji ya betri mpaka ijae. Usiseme basi nitie nzito tupu ili iwe kali zaidi, ikizidi asilimia 60 inabeba joto vibaya kuliko mchanganyiko, na kwa joto letu hilo hulitaki.

Mimina taratibu. Hewa ikibaki ndani utaona geji inapanda na kushuka yenyewe au hita inatoa upepo baridi. Kama una mahali penye mteremko, elekeza pua ya gari juu, acha kepu wazi, washa injini, hita ikiwa moto, binya binya mpira wa juu, utaona mapovu yanatoka na maji yanashuka, ongeza. Subiri mpaka feni iwake na izime, kisha funga kepu na ujaze kibuyu mpaka alama ya juu. Siku mbili tatu za mwanzo kila asubuhi kabla ya kuwasha angalia tena kibuyu, kikishuka kidogo ni kawaida, ni hewa iliyokuwa imejificha.

Themostati, ile vali inayofunguka kwa joto kuruhusu maji yaende kwenye rejeta. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Unampelekea fundi gari inachemsha, anakwambia "bosi, hii kitu tuitoe tu, huku kwetu joto." Usikubali. Injini isiyo na themostati inatembea baridi, inakula mafuta, na inachakaa mapema. Na tena themostati za Toyota nyingi zina kisahani cha pili kwa chini kinachofunga njia ya mkato pale injini ikipata moto, ukiitoa njia ile inabaki wazi muda wote, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na ukipandisha mlima wa Newala kutokea Masasi ukiwa na watu na mizigo ndio unachemsha kuliko mwanzo. Nunua mpya yenye nyuzi zile zile zilizoandikwa kwenye ya zamani, nyingi ni 82. Kabla ya kuifunga itie kwenye sufuria kuukuu ya maji jikoni uchemshe uone ikifunguka.

Kepu ya rejeta nayo ni spea, sio kifuniko tu. Imeandikwa presha yake, 0.9 au 1.1, weka namba ile ile ya gari yako. Mpira ukiukuta umenyonywa umekuwa bapa asubuhi, vali ya kurudishia maji kwenye kepu imekwama. Kibuyu kisipopanda wala kushuka wiki nzima wakati rejeta inapungua, ni kepu tena au kampira ka kibuyu kametoboka. Ni kitu cha bei ndogo, anza nacho kabla hujafungua chochote.

Kwa wanaokaa karibu na bahari, Shangani huko, au Lindi mjini, upepo wa chumvi unakula vile vibati vyembamba vya rejeta kwa nje. Ukivigusa kwa kidole vikabomoka kama mkate mkavu, rejeta hiyo hata ukiijaza kulanti ya dhahabu haitapoza, ibadilishe. Kama bado ni nzima ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi na presha ndogo, ukirusha maji kutokea upande wa injini kuja mbele, ili mchanga na mbegu za majani zitoke zilikoingilia. Mwenye kupita barabara za vumbi msimu wa korosho aoshe mara nyingi zaidi.

Kipimo kimoja mafundi wachache wanakifanya na kwa gari kuukuu kina thamani sana: chukua mita ya umeme, weka kwenye volti za DC, waya mweusi kwenye negativu ya betri, mwekundu uuchovye kwenye kulanti ndani ya mdomo wa rejeta bila kugusa chuma, injini ikiwa inawaka, taa na feni zimewashwa. Ikisoma zaidi ya volti 0.3 basi ama kulanti imechoka na imekuwa tindikali, ama kuna waya wa bodi umeliwa na kutu na umeme unapita kwenye maji kutafuta njia. Zima vitu kimoja kimoja, ukiona imeshuka ghafla ujue shida iko kwenye waya wa kitu hicho. Ukibadilisha rejeta bila kurekebisha huo waya, mpya nayo itatoboka.

Ukichemsha njiani, mfano katikati ya Lindi na Nangurukuru ambako vijiji vimeachana, zima eisi, fungua hita, tafuta pembeni pa kusimama, zima injini. Usifungue kepu. Subiri hata nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu ukiubinya unabinyika bila kukuunguza. Usimwage maji baridi kwenye injini ya moto iliyokauka, hedi itapinda au kupasuka. Tembea na lita 5 za maji safi kwenye buti, na kitambaa kinene. Mayai, bizari, sabuni na vingine unavyoambiwa uweke kuziba tundu, vinaziba kweli, ila vinaziba na rejeta ya hita na vijia vya rejeta kubwa, halafu gharama yake unakuja kuilipa gereji.

Na kama kulanti inapungua kila wiki na chini ya gari pakavu, usiendelee kuongeza tu. Fungua kepu asubuhi gari ikiwa ya baridi, washa, tazama. Mapovu yasiyoisha hata injini ikikaa, moshi mweupe wenye harufu tamu, oili iliyogeuka kama maziwa kwenye kifuniko cha juu, mipira kuwa migumu dakika chache tu baada ya kuwasha, dalili hizo ni za gasketi ya hedi, na hapo peleka gari kwa fundi siku hiyo hiyo kabla hedi haijapinda, ukimwambia aipime kwa rula ya chuma kabla ya kufunga gasketi mpya, asiifunge kwa macho.